Kasuku Kwenye Mizani ya Mizigo

Siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, kana kwamba mtu aliyefukuzana na saa ya kuondoka kwa ndege miaka yote hiyo bado ana hamu ya kuitazama. Nimeitundika jikoni, inanisaidia kupika maharage. Mlisema pia niwaandikie kidogo mambo ya kazini, yatakayowafaa. Ya vyeo siandiki, na ya mshahara ndiyo kabisa. Hayo yamo kwenye faili, anayeyataka ajaze fomu. Nitaandika juu ya abiria ambao hawakuwahi kupewa kiti, wale waliofika kaunta wakiwa ndani ya matundu: njiwa, chiriku, na zaidi ya wote kasuku.

Tukubaliane jambo moja mapema. Nikisema ndege nina maana ya ile yenye injini. Wenye manyoya nitawataja kwa majina yao, tusije tukachanganyana.

Nilianza kazi Iringa, uwanja ukiwa mdogo, jengo la vyumba viwili na mizani ya kusimama ambayo ilikuwa lazima uipige teke kwanza ndipo iseme kweli. Aliyenipokea ni Mzee Kikoti, Mhehe wa Kilolo, karani wa mizigo mwenye kizibao cha njano kilichofifia mpaka kikawa rangi ya ugali wa dona. Nilimsalimia kwa Kiswahili cha shule. Akanijibu, “Kamwene,” akangoja. Nami Mnyakyusa wa watu, nimetoka Mbeya juzi, sikujua la kujibu. Akangoja tena mpaka nikasema “kamwene” na mimi, ndipo akanionyesha kiti. Baadaye nilielewa kwamba ndivyo alivyofanya kazi yote: hakuendelea na hatua ya pili kabla ya kwanza kukamilika.

Siku hiyo ya kwanza hakunipa kalamu. Alinipa tundu tupu la kasuku, akaniambia niingize mkono wangu na kuufungia ndani, kisha nijaribu kujifungulia. Nilijifungulia mara moja. “Basi na kasuku anaweza,” akasema. “Yeye ana mdomo wa koleo na hana kazi nyingine.” Akanifundisha kufunga mlango wa tundu kwa waya laini, ncha zikikunjwa kwa nje zisimchome aliye ndani. Kijiti cha kusimamia kishushwe chini, ndege ikitikisika asianguke kutoka juu. Sakafu itandikwe magazeti ya juzi. Ya leo tunayasoma kwanza. Maji usijaze bakuli, yatamwagika kabla ndege haijaacha ardhi, halafu msafiri wako atakaa na miguu mibichi mpaka Dar es Salaam. Mpe kipande cha tango au chungwa, atanyonya mwenyewe akiona kiu. Na ile fomu ya taarifa kwa rubani usiione kama karatasi ya kujaza kabati. Rubani asiyejua kwamba kuna kiumbe kwenye buti hana sababu ya kujali hali ya joto huko nyuma.

La mwisho, na kwake ndilo lililokuwa kubwa, ni benchi. Kabla ya kupima uzito, mwenye kasuku aliketi naye kwenye benchi la mbao robo saa nzima, kitambaa kikiwa kimefunuliwa. Mzee Kikoti alijifanya anasoma gazeti, kumbe anatazama. Anatazama kinyesi, macho, na mkia. Mkia ukipanda na kushuka kila anapovuta pumzi, huyo hasafiri. Cheti cha afisa mifugo anacho, sawa, lakini cheti kimeandikwa jana na kasuku yupo leo. Abiria wengi walinung’unika. Yeye alikuwa akiwaambia, “Kaa tu, bwana. Ndege ikija utaisikia.”

Kosa langu la kwanza kubwa nililifanya Iringa, asubuhi ya Juni, baridi ile ya kukatika vidole. Mzee Jayanti, aliyekuwa na duka la vitambaa mjini, alileta kasuku wadogo wawili, mmoja wa kijani na mmoja wa buluu, wakienda kwa mjukuu wake Dar es Salaam. Mzee Kikoti alikuwa likizo. Niliwaona wamejikunyata, nikawahurumia. Sisi watu wa Nyanda za Juu tuna ugonjwa mmoja: tunadhani kila anayekufa amekufa kwa baridi. Mtoto akilia tunamwongeza sweta. Nilichukua blanketi langu mwenyewe nililokuwa nikijifunika miguu kaunta, nikalizungushia tundu pande zote, nikalichomeka vizuri kama ninavyomlaza mwanangu. Dar es Salaam tundu liliteremshwa, likangoja kwenye toroli juani wakati karatasi zikitafutwa. Walipolifunua blanketi, wote wawili walikuwa wamekufa kwa joto.

Siku ya tatu Mzee Jayanti alikuja. Nilitamani ardhi inimeze. Aliweka mfuko juu ya kaunta, ndani yake blanketi langu, limefuliwa na kupigwa pasi.

“Blanketi yako, dada,” akasema. “Najua wewe iliona huruma.”

Hakunilaumu, na laiti angenitukana. Nilikwenda stoo nikalia. Mzee Kikoti aliporudi nilimweleza yote bila kuficha, maana yeye alikuwa na methali yake ya siku zote, mficha uchi hazai. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Huruma nayo inataka hewa.” Tangu siku hiyo nafunika tundu kwa kitambaa chepesi cha pamba tu, upande mmoja uwe wazi, hata kama nje umande umeganda. Na nanyi fanyeni hivyo.

Mzee Kikoti alistaafu, akaenda kulima pareto na viazi kwao Kilolo. Mimi nikahamishiwa Mbeya. Uwanja wa Songwe ulikuwa mkubwa, mizani ilikuwa ya umeme, haikuhitaji teke, na kasuku hawakuwa wengi. Hata hivyo nililiendeleza benchi. Nilisafirisha njiwa wa mashindano waliokuwa na nidhamu kuliko abiria wenye tiketi. Nilimsafirisha jogoo ambaye bibi mmoja wa Kyela aliapa ni wa kufuga tu, si wa sikukuu, na alivyokuwa akimwangalia niliamini nusu. Nilimkatalia bwana mmoja aliyetaka kumpitisha chiriku mfukoni mwa koti. Chiriku ndiye aliyejitaja mwenyewe pale kwenye ukaguzi, kwa kuimba. Robo saa ya benchi sikumsamehe mtu, awe mkubwa awe mdogo.

Isipokuwa mara moja, na hiyo ndiyo ninayotaka muisome vizuri.

Mwalimu Mwasomola alikuwa mwalimu mstaafu wa Iyunga, mjane, mrefu, suti ya kahawia na kofia. Nusu ya watu wazima wa kata ile walijifunza kusoma mbele yake. Asubuhi hiyo alikuja peke yake kwa teksi, bandeji kwenye jicho la kulia, tundu mkononi. Nilipiga goti kidogo, nikamwamkia kwa kwetu, “Mugonile, tata,” yaani baba. Akaitikia, akanieleza. Kwenye jicho lile la kulia kitu kama pazia kilikuwa kimeshuka, daktari wa Mbeya akamwambia utando wa ndani umeachia, na Dar es Salaam kuna daktari anayeweza kuurudisha. Amepangiwa kesho asubuhi. Akichelewa siku chache, jicho limekwenda. La kushoto nalo lilikuwa na ukungu wake, lakini lilimtosha kutembea.

“Na huyu ni Katibu,” akasema, akigusa tundu. “Kidume changu. Miaka ishirini na mbili tuko wote. Nitakaa kwa binti yangu kule mpaka nipone, siwezi kumwacha.”

Karatasi zilikuwa kamili: cheti cha afisa mifugo, kibali cha kumfuga, vyote kwenye bahasha moja kwa mwandiko wa ubaoni. Nikanyoosha mkono kufunua kitambaa.

“Amelala, mwanangu. Usimwamshe. Usiku kucha hakutulia.”

Hapo ndipo ningepaswa kusema, Mwalimu, kaa benchi, kasuku asiyelala usiku kucha ana neno. Lakini ungemwambia nani? Mzee wa rika la baba yangu, mwalimu, na jicho limefungwa. Mkono wangu ulirudi wenyewe. Nilipima, nikabandika lebo, nikaandika kwenye fomu ya rubani kwamba kasuku mmoja, hali nzuri. Hali nzuri! Sikuwa nimemwona hata ukucha. Wapakiaji wakamchukua kwa toroli, Mwalimu akaenda kuketi kungoja.

Nilikuwa nagonga mhuri wa abiria mwingine Bhoke alipokuja. Bhoke mnamjua, Mkurya, kutoka Musoma, tumefanya naye kazi kaunta moja miaka mingi na hajawahi kunong’ona maishani mwake. Siku hiyo alinong’ona.

“Mama Lusajo, kuna mwanamke nyuma ya ile nguzo. Kila huyo mzee wa bandeji akigeuka, na yeye anajificha. Nimwite askari?”

Nikatazama. Mwanamke wa miaka thelathini hivi, kanga imevutwa mpaka usoni, kopo mkononi. Mwalimu alikohoa akageuza shingo, naye akazunguka nguzo.

“Mwache,” nikasema. “Huyo ni mkamwana wake.”

“Wamegombana?”

“Wanaheshimiana.”

Bhoke alinitazama kama mtu aliyepewa chenji isiyo yake. Kwa ambao si wa kwetu, nieleze kifupi. Kwa mila ya Wanyakyusa, mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni. Hakai naye chumba kimoja, hazungumzi naye, wakikutana njiani yeye anapisha. Hakuna chuki ndani yake, ni adabu. Siku hizi nyumba nyingi zimeacha, wengine wanapiga picha pamoja harusini, na mimi mwenyewe baba mkwe wangu nilimpikia chai nikamkabidhi mkononi. Lakini zipo nyumba ambazo bado zinashika, na ya Mwalimu ilikuwa mojawapo.

Nilipita mlango wa nyuma nikamfikia pale kwenye nguzo. Alikuwa anahema, viatu vimejaa vumbi la bodaboda.

“Dada, mimi naitwa Bupe. Yule Katibu asipande ndege.”

“Kwa nini?”

Akafungua kopo. Ndani, juu ya pamba, lilikuwamo yai jeupe, dogo, la duara kuliko la njiwa.

“Ametaga juzi. Nimelikuta nikisafisha tundu, baba akiwa kanisani. Nikamwambia mume wangu kwenye simu amweleze baba, akacheka tu, akasema atamwambia. Hajamwambia. Yuko na lori njia ya Kongo huko, tangu jana simu haipatikani. Leo asubuhi nimechungulia dirishani teksi ikiwa inangoja, nikamwona Katibu amekaa chini kabisa, amejivimbisha. Nikasema huyu ana lingine.”

“Kwa nini hukumwambia baba mwenyewe? Hata kwa simu?”

Akainamisha uso. Nilikuwa nimeuliza swali la kijinga, tena mimi wa kwao. Mkamwana asiyemwamkia baba mkwe, aanze na habari ya kutaga?

Mnaofuga mnajua. Kasuku wa kijivu dume na jike huwezi kuwatofautisha kwa kutazama, na jike aliye peke yake naye hutaga, mayai yasiyo na kitu. Hutaga kwa kupishana siku mbili tatu. Kwa hiyo la pili lilikuwa njiani, siku ile ile. Kasuku mwenye yai linalotaka kutoka hahitaji kishindo cha gurudumu la ndege wala buti yenye baridi. Likikwama ndani, au likivunjika, hafiki. Na mimi nilikuwa nimeandika hali nzuri.

Nikashika simu ya upepo nikawaita wapakiaji. Tundu lilikuwa tayari chini ya mlango wa buti. “Lirudisheni,” nikasema. Wakauliza kwa sababu gani. Nikasema lirudisheni kwanza.

Lilipofika nilifunua kitambaa, jambo ambalo lingenichukua sekunde mbili nusu saa kabla. Katibu alikuwa sakafuni juu ya magazeti, mbawa zimelegea, mkia unapanda na kushuka. Nilijisikia vibaya mno. Nilimkumbuka Mzee Jayanti na pasi yake.

Nilimpelekea Mwalimu tundu pale alipoketi, nikachuchumaa mbele yake.

“Tata, Katibu hawezi kusafiri leo. Anataga.”

“Anafanya nini?”

“Anataga. Ni jike.”

Mwalimu akatabasamu kama anavyotabasamu mwalimu kwa mtoto aliyesema saba mara nane ni hamsini na nne. “Mwanangu, huyu nimekaa naye miaka ishirini na mbili.”

Sikubishana. Nilichukua kile kiyai kwenye kopo nikakiweka kwenye kiganja chake. Jicho lake la kushoto halikukiona vizuri, lakini vidole vilikielewa. Akakizungusha.

“Hili la njiwa.”

“Njiwa gani, tata, ameingia kwenye tundu lako lenye kufuli?”

Akauliza lile nililokuwa naliogopa. “Nani amelikuta?”

“Mkamwana wako.”

Nguzo ilikuwa hatua tano nyuma yake. Mabega yake yalikakamaa, akajua yupo, na hakugeuka. Akashusha kofia.

“Basi na mimi sisafiri,” akasema. “Nitakwenda Katibu akishamaliza.”

Hapo Bhoke akatangaza wito wa kwanza wa abiria. Ndege nyingine ilikuwa keshokutwa. Nikamweleza Mwalimu kwamba jicho halitangoja kasuku amalize mayai yake. Yanaweza kuwa matatu, yanaweza kuwa manne, na baadaye atataka kuyaatamia. Akasema, “Najua hesabu.” Nikasema kasuku abaki nyumbani. Akasema, “Abaki na nani? Mwanangu yuko Kongo. Yeye ndiye aliyekuwa akimsafishia, mimi na macho haya siwezi tena.”

“Siye yeye, tata.”

“Ni yeye. Nikirudi kutoka kanisani nakuta maji safi.”

Niligeuza kichwa nikauliza, si kwa sauti kubwa, “Bupe, tangu lini?”

“Tangu niolewe,” nguzo ikajibu. “Mwaka wa sita huu.”

“Anasema tangu aolewe,” nikamwambia Mwalimu, ingawa alikuwa amesikia vizuri kama mimi.

Akasema, uso kwa ukuta, “Muulize anampa nini cha kula.”

“Anauliza unampa nini.”

“Mtama, na mahindi mabichi yakiwepo, na karanga moja moja. Chumvi simpi. Parachichi simpi, nilisikia redioni ni sumu kwao.”

“Mtama, tata, na mahindi mabichi…”

“Nimesikia.” Sauti yake ilikuwa imebadilika. “Mwambie mimi nilikuwa nampa parachichi. Mwambie sikujua kwa nini kila nikimpa, kesho yake nalikuta limetolewa.”

Nilirudisha na hilo pia. Mtu aliyekuwa amekaa jirani na gazeti lake aliliteremsha, akatutazama sisi watatu, akalipandisha tena. Bhoke akatangaza mara ya pili, safari hii akinitazama mimi. Kwenye simu ya upepo wakauliza tundu linarudi au halirudi. Nilikuwa na abiria ambaye hajapanda, mzigo wake umeshushwa, na mkutano wa familia ninaoutafsiri kutoka Kiswahili kwenda Kiswahili.

Nikasimama. Nilihisi hasira kidogo, nakiri. Hasira kwangu mwenyewe, ikawaangukia wao.

“Tata,” nikasema, “mimi nakwenda kumwambia rubani angoje dakika tano. Nikirudi nataka kujua jicho linasafiri au linabaki. Mkalimani hayupo.”

Nikaondoka. Sikwenda mbali. Nilifika mlangoni, nikaongea na rubani kwenye simu ya upepo, nikageuka.

Mwalimu alikuwa amesimama. Alikuwa amegeukia nguzo, tundu amelishika kwa mikono miwili mbele yake, kama mtu anayetoa sadaka. Jicho la kulia lilikuwa chini ya bandeji. La kushoto alikuwa amelifumba, kwa nguvu, mpaka shavu lote limekunjamana.

“Njoo uchukue, mwanangu,” akasema. “Sikuoni.”

Bupe alitoka nyuma ya nguzo. Aliinamisha kichwa, kanga imefunika uso, akapiga magoti sakafuni mbele ya watu wote, akapokea tundu kwa chini, kwa mikono miwili pia. Kwa kitambo kidogo mikono minne ilikuwa kwenye tundu moja.

“Nimepokea, tata,” akasema.

Nafikiri ndiyo mara ya kwanza sauti yake ilimwendea moja kwa moja. Mwalimu aliitikia kwa kichwa, hakufumbua.

“Ndaga,” akasema. “Ndaga fijo.” Asante sana. Akasimama vile vile mpaka nilipomfikia na kumwambia, “Tata, amesharudi nyuma ya nguzo,” ndipo akafungua jicho lake. Lilikuwa na maji, na hatukulizungumzia. Nikamshika kiwiko nikampeleka mpaka kwenye ngazi za ndege. Njiani aliniambia jambo moja tu, kwamba jina la Katibu halibadilishwi, makatibu wengi ni wanawake.

Niliporudi nikakuta fomu inaningoja. Ina sehemu inayouliza sababu ya mzigo kushushwa, na visanduku vya kuchagua: uzito, hati, hali ya hewa. Nikaandika kwa mkono pembeni, “anataga.” Nilipoulizwa baadaye kwa barua, nilijibu kwa barua kwamba nilikosea kwa kutomweka abiria benchi, na kwamba kosa ni langu peke yangu. Sikumtaja mzee. Heshima si utumwa, lakini siku ile nilikuwa nimeitumia kama kitambaa cha kumfunika mgonjwa. Mkipokea mzee yeyote mwenye tundu, mpigieni goti, mwamkieni kwa lugha yake, kisha mfunue kitambaa.

Wiki kadhaa baadaye nilikuwa upande wa wanaowasili. Mwalimu alishuka ngazi mwenyewe, bandeji haipo, miwani ya giza usoni. Aliponiona aliivua. Jicho la kulia lilikuwa jekundu bado, lakini lilinifuata nilipohama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Nilicheka kwa furaha kama mtoto. Alisema anaona rangi, anaona vidole, na anaona kwamba kizibao changu kinahitaji sabuni.

“Yuko wapi?” akauliza.

Nilijua anamuulizia nani. Bupe alikuwa nje, kwenye maegesho, kando ya teksi, tundu mkononi. Tulikuwa tumeshasalimiana.

“Basi nishike mkono unipeleke,” akasema. “Leo nina mawili ya kufumba.”

Akayafumba yote mawili, pale pale ndani, mbele ya abiria na mizigo yao, nami nikamwongoza polepole kama kipofu, mtu aliyetoka kupasuliwa jicho ili aone. Tulipofika nilimsimamisha. Bupe alikuwa amevuta kanga, amepiga goti. Katibu alikuwa juu ya kijiti chake, mkia umetulia, manyoya yamelala vizuri.

“Mangapi?” Mwalimu akauliza.

Kwa mazoea nilifungua mdomo nirudishe swali, nikaufunga.

“Matatu, tata,” Bupe akasema. “Na leo asubuhi ameanza kula vizuri tena.”

“Nani ameanza kula?”

“Katibu, tata. Alikuwa anadonoa kidogo tu tangu uondoke.”

Mwalimu alicheka, macho yamefumbwa, akaanza kumuuliza habari za nyumbani moja baada ya nyingine, naye akawa anajibu. Mimi nikarudi kaunta.